Kisu cha Vidole Vinne

"Kiweke hapo," Épiphanie alisema, akagonga kioo cha kaunta kwa ncha ya kidole.

Jabari alikuwa amemnyooshea kisu kwa upande wa mpini, kwa adabu zote za mwenye duka. Mkono wake ukabaki hewani kidogo, kisha akakilaza kisu juu ya kioo, karibu na vile vingine viwili. Ndipo Épiphanie alipokiokota.

Mama Namubiru alikuwa kando, anajifanya anachagua kamba za viatu. Aliona. Kwao Masaka, Uganda, pia kisu hakipokezwi mkono kwa mkono, mtakuja kugombana bure. Kinalazwa, mwenzako anakiokota mwenyewe. Miaka thelathini na tano Ulaya haijamtoa hilo, na Épiphanie wa Bujumbura alikuwa na kumi na moja tu.

Duka lenyewe lilikuwa kishimo ndani ya jengo la maduka la Skärholmen, Stockholm: mashine ya kuchonga funguo, harufu ya gundi na ngozi, visigino vimetundikwa ukutani kama samaki wa kukausha. Watu wote wa nyumbani walipeleka viatu vyao kwa Jabari, maana alikuwa mtu wa Tanga, mkaelewana kwa lugha, na chai anakupa. Nje ilikuwa saa tisa alasiri ya Jumanne, na jua la Novemba lilikuwa limeshachoka.

Mikono ya Épiphanie ilitetemeka. Ndiyo hiyo hiyo iliyogeuza wagonjwa wazito vitandani kule hospitalini Flemingsberg bila kuomba msaada. Alilaza vidole vinne juu ya bapa la kisu, akahesabu kimoyomoyo, akakirudisha. Akachukua cha pili. Akapima tena.

"Dada, samahani," Jabari alisema. "Unapima nini?"

"Sheria."

"Ya wapi hiyo?"

"Ya hapa. Chini ya vidole vinne ni ruhusa kutembea nacho, bon, mradi usikionyesheonyeshe."

Jabari akacheka, lakini alipomtazama usoni akaacha. "Hiyo nimeisikia kwa watu kumi, dada yangu, na kila mmoja ana vidole vyake. Hapa hakuna vidole. Mimi saa hizi nina kisu mfukoni, nakatia soli. Polisi akinishika nacho barabarani naenda kwa mteja, nina la kumwambia. Wewe utamwambia nini?"

"Kwamba najilinda."

"Basi sikuuzii. Hata hiki." Aligusa kile kidogo kuliko vyote, cha kuning'iniza kwenye funguo. "Hiki ukisema unamenyea chungwa, ni kisu. Ukisema ni cha kujilinda, umeshakifanya silaha kwa mdomo wako mwenyewe. Watakunyang'anya, watakuandika, na utakwenda kujibu."

Épiphanie alimgeukia Namubiru kama mtoto aliyekanushiwa jambo alilofundishwa nyumbani.

"Kitendawili," Namubiru alisema taratibu, akiwa bado na kamba za viatu mkononi.

"Mama, leo si siku ya..." Épiphanie alianza.

"Kitendawili!"

"Tega," Jabari akamwitikia. Hakuweza kujizuia.

"Nina mtumishi wangu. Jikoni namsifu. Nikimtoa barabarani bila kazi, ananishitaki mimi."

Jibu lilikuwa limelala pale juu ya kioo, mara tatu.

Namubiru alirudisha kamba mahali pake. Alikuwa mfupi, mnene, wa miaka sitini na miwili, na Kiswahili chake alikiokota katika kambi za polisi za Uganda, alikotumikia upelelezi kabla ya mambo kuharibika akakimbia. Huku Stockholm hakuwa na cheo. Alikuwa na daftari, na wanawake waliompigia simu wakati polisi wamewaambia wasubiri. Épiphanie alimpigia siku nane zilizopita, akilia, akasema kuna mtu anamfuata kila anaposhuka kwenye treni kituo cha Spånga, anakoishi. Na Alhamisi, keshokutwa, alikuwa na kesi. Évode, mumewe wa zamani, alitaka mtoto wao Alma ahamie kwake. Alma ana miaka minane.

"Nani alikuambia habari ya vidole vinne?" Namubiru aliuliza.

"Bella. Wifi yangu."

"Dada yake Évode."

"Ndiyo, lakini Bella hayuko kama Évode! Tulipoachana yeye ndiye aliyebaki na mimi. Ananichukulia Alma shuleni."

"Alikwambia ukiulizwa useme nini?"

"Niseme ukweli. Kwamba naogopa, ni cha kujilinda. Alisema Waswidi wanapenda mtu mkweli."

Jabari alikohoa akageuka upande wa mashine yake.

Namubiru alifungua daftari juu ya kaunta. Kazi yake ilikuwa ya hatua kwa hatua, kama kusuka ukili, na hakupenda kurukia mwisho. Ukurasa wa kwanza: sauti. Épiphanie hakuwahi kumwona anayeitoa. Alisikia tu, nyuma yake, tangu kwenye njia ipitayo chini ya reli hadi mlango wa jengo lake: *tik, tik, tik*, kama kucha za chuma juu ya lami. Akisimama, inasimama. Ijumaa Namubiru alitembea naye. Aliisikia kwa masikio yake, na nywele za shingoni zilimsimama, yeye aliyewahi kulala chumba kimoja na maiti akilinda ushahidi. Aligeuka na tochi. Vichaka, baiskeli, na abiria mmoja wa treni yao; hakuna mwingine.

Ukurasa wa pili: yule abiria, mwanamume wa koti la kijivu. Huyo alishuka treni moja na Épiphanie kila siku na kumfuata hatua kumi nyuma, na kwa siku mbili Namubiru aliamini amempata. Jana alimkaba pale kituoni. Aliitwa Malik, msafishaji wa mabasi, na alipoulizwa kwa nini anamfuata mwanamke, macho yalimtoka.

"Simfuati, mama! Natembea karibu naye. Ile tik tik naisikia pia. Mimi mwoga, wallahi."

"Huanzia wapi?"

"Pale penye baiskeli. Haitoki kwenye treni. Ukifika tu, iko inakungoja."

Namubiru alitazama viatu vyake. Raba, soli laini kama mkate. Akamwacha.

Ukurasa wa tatu: siku. Alimwomba Épiphanie aziandike zote. Jumatatu, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Wiki tatu. Kwenye safu ya Jumanne hakukuwa na alama hata moja.

"Jabari," alisema, "nini hulia tik tik juu ya lami?"

Fundi hakufikiri sana. Aliingiza mkono chini ya kaunta akatoa mpira mweusi wenye meno ya chuma, ule ambao watu huuvalisha chini ya viatu wakati wa barafu wasianguke. "Broddar. Januari siuzi kitu kingine."

Akaupiga juu ya kioo. *Tik.* Épiphanie alirudi nyuma hadi akagonga stendi ya funguo, zikamwagika sakafuni zote.

"Ndiyo hiyo," alinong'ona. "Mungu wangu, ndiyo hiyo."

"Kuna barafu nje?" Namubiru aliuliza.

"Barafu gani, mama? Bado. Majani tu."

"Basi nani huvaa vyuma vya barafu hakuna barafu?" Hakungoja jibu. "Nimewafukuza watu na nimefukuzwa. Anayetaka kukudhuru huvua hata viatu. Huyu anajifunga njuga. Anataka asikike."

"Kwa nini?"

"Ngoja. Jabari, kuna mtu wa nyumbani aliyenunua hivi kabla ya msimu?"

Jabari alikuwa ameinama anaokota funguo. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mmoja. Mwezi wa kumi, katikati. Nilimtania, nikamwambia bibie, theluji umeiagiza kwa posta? Hakucheka. Alikuwa na skafu mpaka puani na miwani, sura sikuiona. Sauti ya mwanamke. Alivivaa hapa hapa, akatembea juu ya vigae." Jabari alionyesha. "Mama, mtu wa barafu akijaribu hivi, anajaribu kama vinashika. Anakanyaga, anasukuma. Yule alitembea pole pole na kichwa kainamisha upande. Alikuwa anasikiliza kama vinalia."

Nje mtu alipita na gari la mtoto, na Épiphanie alishituka kwa magurudumu yake.

"Akanunua na kisu?" Namubiru aliuliza.

"Hakununua. Aliuliza kipi kidogo cha kuficha ndani ya begi la mwanamke. Nikamnyooshea hiki cha mpini wa mti. Akakunja mkono." Akamtazama Épiphanie. "Akagonga kioo kwa kidole. Hivi, kama wewe. Ndipo nikajua ni mtu wa nyumbani. Mswidi angepokea."

Namubiru aliandika. Hilo ndilo kosa alilolijua kuliko yote ya watu wake. Mji una maduka elfu yanayouza vile vyuma, ambako muuzaji hakutazami usoni. Lakini mtu wa kwetu, hata akipanga ubaya, atavuka mji mzima akanunue kwa anayemwita ndugu.

"Épiphanie. Nani anajua kwamba unaogopa?"

"Wewe. Na Bella."

"Évode?"

"Hapana! Angelitumia mahakamani."

"Jumanne nani anakuwa na Alma?"

Namubiru aliona jinsi jambo lilivyompanda Épiphanie polepole, kutoka magotini hadi kwenye macho.

"Wifi yangu," alisema. "Mama, hapana. Alinisuka nywele Jumapili."

"Sijasema ni yeye. Nimeuliza Jumanne. Mtu mmoja anakuogopesha, mwingine anakuambia ununue kisu, ukifiche, na ukishikwa utamke lile neno moja linalokufunga. Labda ni watu wawili na ni bahati mbaya. Labda ni mmoja. Hiyo hofu yote haikutafuta roho yako, mwanangu. Ilitafuta kisu kiingie begini mwako kabla ya Alhamisi. Hakimu angesoma karatasi moja tu, kwamba mama wa mtoto hutembea na silaha."

"Tutajuaje?"

"Kwa kumwambia kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua. Mpigie."

Épiphanie alitikisa kichwa. Namubiru hakumsukuma. Alimwekea simu juu ya kioo, karibu na visu, akasubiri. Baada ya muda Épiphanie aliiokota. Wakaiweka kwenye spika.

"Wifi!" Sauti ya Bella ilikuwa nzuri, ya mtu anayeimba sauti ya kwanza kanisani. Nyuma yake Alma alikuwa akisema kitu kwa Kiswidi na katuni zinalia. "Uko wapi, mbona kuna kelele?"

"Skärholmen. Nimekinunua."

"Kile cha vidole vinne?"

"Ndiyo. Nimekitia ndani ya bitana ya begi. Upande wa kushoto."

"Vizuri, wifi. Umefanya vizuri kabisa, sasa utatembea kama mtu. Usikiache nyumbani, unasikia? Unashuka saa ngapi Spånga?"

Namubiru alimwonyesha Épiphanie saa kwa vidole.

"Saa kumi na moja kasorobo."

"Haya, pole pole. Tunakusubiri. Nakupikia maharage."

Simu ilikatika. Jabari aliviokota visu vyote vitatu na kuvifungia kwenye droo, kisha akachukua kijiko cha plastiki cha kuvalia viatu, akakiweka mbele ya Épiphanie bila kusema. Urefu wake ulikuwa vidole vinne, tena na ziada. Épiphanie alikipenyeza ndani ya bitana, upande wa kushoto.

Safarini hawakuzungumza. Walibadilisha treni mjini, wakasimama katikati ya watu waliotoka makazini na makoti yao mazito. Namubiru alisimama hatua tano mbali, kama asiyemjua. Kila mlango ulipofunguka Épiphanie alikumbatia begi, na kila ulipofungwa akalitazama kama kwamba limegeuka mnyama. Namubiru aliomba moyoni kitu kimoja: yeye mwenyewe awe amekosea. Amekosea mara nyingi. Malik alikuwa kosa. Ingekuwa vizuri huyu naye awe kosa, wale maharage, wacheke.

Spånga ilikuwa giza tayari. Walishuka watu kama arobaini. Polisi wawili waliovaa sare walikuwa chini ya ngazi, mwanamke na mwanamume, na hawakumtazama kijana mwenye kofia wala mlevi aliyeimba. Walimwendea Épiphanie moja kwa moja.

Namubiru alitazama saa yake, akaandika: kumi na moja kasoro dakika kumi na mbili.

Yule polisi wa kike aliongea kwa upole. Walikuwa wamepata simu. Wangependa kuliona begi. Épiphanie alilitoa. Polisi hakugusa mfuko wa mbele. Hakugusa pochi. Aliingiza vidole moja kwa moja kwenye bitana, upande wa kushoto, akakuta kitu kigumu, akamtazama mwenzake. Kisha akakitoa kwenye mwanga wa taa.

Kijiko cha kuvalia viatu. Cha kijani.

"Ni cha nini hiki?" aliuliza, akiwa amechanganyikiwa kidogo.

"Cha viatu," Épiphanie alijibu kwa Kiswidi, na machozi yakamtoka.

Namubiru alisogea. Kwa Kiswidi chake cha kukwaruza alijitambulisha, akamwonyesha daftari: saa ya simu, maneno yaliyosemwa, jina la shahidi wa tatu aliyeyasikia dukani. Hakuomba jina la aliyewapigia, alijua hawatampa. Aliomba jambo moja. Iandikwe katika taarifa yao kwamba aliyepiga alitaja bitana, na upande. Polisi wa kike alimtazama yeye, kisha Épiphanie, kisha kile kijiko. Akatoa kalamu.

"Alitaja kushoto," alisema. "Ndiyo. Naandika."

Basi, ilikuwa imejulikana kwamba ni Bella. Namubiru hakuhisi ushindi wowote, maana Épiphanie alikuwa amemshika mkono kwa nguvu za kuvunja.

"Alma yuko kule," alisema. "Mama, mtoto wangu yuko kule kwake."

Walipita njia ya chini ya reli karibu wakikimbia. Penye baiskeli hapakuwa na mtu. Hakuna tik tik, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko sauti, kwa kuwa sasa walijua sauti ilipo. Jengo la jirani, ghorofa ya pili, mlango wa Bella. Épiphanie alibonyeza kengele na hakuondoa kidole.

Alma ndiye aliyefungua, soksi mguu mmoja, kalamu ya rangi mdomoni. "Hej mamma!" Épiphanie alipiga magoti pale pale kizingitini, akamshika kichwa, mabega, mikono, kama anayehesabu.

Namubiru alitazama chini. Kwenye sanduku la viatu, kati ya buti ndogo za mtoto na malapa, kulikuwa na buti nyeusi za kike. Meno ya chuma yalikuwa bado yamevalishwa soli, na katikati ya meno hayo jani lililochomwa likakwama, akalidhani la mpapai. La, halikuwa mpapai, huku hakuna. Lilikuwa jani pana la manjano la ule mti unaojaa kando ya reli, na lilikuwa bado halijakauka.

"Za nani hizi, mjukuu?" alimwuliza mtoto.

Alma alijibu kwa Kiswidi, bila kufikiri. Za shangazi. Anazivaa kila akitoka, hata bila barafu. Anasema ni mazoezi.

"Wifi, ndiyo ninyi?" Bella aliita kutoka jikoni. "Njoo unisaidie, mikono imejaa."

Wakaingia. Jikoni palikuwa na joto na harufu ya kitunguu. Bella alisimama mbele ya ubao na karoti, aproni safi, tabasamu tayari. Alimwona Épiphanie, akaliona begi kwapani, halijachukuliwa na polisi. Akamwona mzee asiyemjua na daftari mkononi. Tabasamu halikuondoka, lilibaki tu mahali lilipokuwa, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Umewahi," alisema.

"Nimewahi."

Kisha Bella, labda kwa kutojua la kufanya, labda akijua kabisa, aligeuza kisu cha karoti mkononi na kumnyooshea Épiphanie. Mkono kwa mkono. Mpini ulikuwa upande wake yeye Bella.

"Shika, wifi. Malizia."

Namubiru alipiga hatua, lakini Épiphanie alikuwa mbele yake. Mikono iliyotetemeka tangu alasiri ilikuwa imetulia. Alinyoosha kidole kimoja, akagonga meza mara mbili.

"Kiweke hapo."

Bella alimtazama. Sufuria ilichemka nyuma yake. Mwishowe mkono ulishuka, na kisu kikalazwa juu ya meza kati yao, katikati ya maganda.

Épiphanie hakukiokota. Alimwita Alma avae soksi ya pili na viatu, akampandisha zipu ya koti hadi kidevuni, na wakatoka watatu, wakauacha mlango wazi nyuma yao ili wasikie kama kuna atakayevaa zile buti za vyuma.